Mwanafunzi Bora Nisiyewahi Kumwona

Sehemu ya tano

Mwanamke alivua malapa mlangoni, akayapanga kando ya viatu vyangu, akaingia bila kubisha hodi.

"Mimi ni Teodora Mihayo," alisema. "Nimekuja kuuliza kwa nini hamkunijibu."

Niliinuka kumsalimia. Nikakaa tena kabla sijamsalimia.

Teodora Mihayo nilikuwa namfahamu. Kwa mwaka mzima nilikuwa nachapa kazi zake kila baada ya wiki mbili. Alikuwa mwanafunzi bora wa kituo chetu, na wahadhiri wa Dar es Salaam walimsifu mbele ya wenzake. Kila mara alipoandika, nilimjibu.

Mwanamke huyu sikuwahi kumwona.

Anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, naitwa Masele. Nilimaliza shahada ya ualimu mwaka 1997 nikitegemea serikali itanipangia shule, kama ilivyowapangia kaka zangu. Ajira zilikuwa zimesimama. Nimekwisha kusimulia jinsi shule binafsi iliyonichukua ilivyofungwa kabla ya muhula kwisha, na jinsi mchumba wangu Selina alivyonirudishia barua zangu zimefungwa kwa kamba ya viatu. Mwaka 1998 nikapata kazi Mkuyuni, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli la Bwana Yassin. Hapo palikuwa na kituo cha chuo kinachofundisha watu walioko mbali nacho.

Tulikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, na mtu hakuikaribia bila kuvua viatu. Simu ilikuwa moja pia, tuliyochangia na Bwana Yassin. Wanafunzi, wengi wao walimu wa shule za msingi, waliandika kazi kwa mkono. Mimi nilizichapa, nikaunganisha kompyuta na simu, nikazipeleka mahali chuo kilipopaita Ukumbi.

Humo wahadhiri walisoma na kutoa maksi. Humo mwalimu wa Sengerema alibishana na mwalimu wa Tunduru bila kuonana sura. Majibu niliyatoa kwenye karatasi, wenyewe wakaja kuyachukua.

Niliamini Ukumbi ule ungeibadilisha nchi hii. Bado naamini, ila siku hizi naamini kwa woga kidogo.

Wiki iliyopita niliishia pale ulipokuja waraka kutoka makao makuu. Ulisema kuna watu wanasoma kwa majina ya wenzao, na kwamba kituo atakapogundulika mtu wa namna hiyo, atawajibika msaidizi wake, yaani mimi.

Kwa hiyo Jumatatu ile, mwanamke aliposimama mbele yangu na jina la mwanafunzi wangu bora, jambo la kwanza nililowaza ni kwamba huyu ndiye mwizi.

"Dada, una kitambulisho?"

Aliweka mezani kitambulisho cha kazi. Nikakigeuza mara mbili.

"Picha haifanani sana."

"Ya mwaka themanini na tisa hiyo. Wewe mwaka huo ulikuwa unafananaje?"

"Nilikuwa kidato cha pili."

"Basi nyamaza."

Nilinyamaza. Lakini sikumwamini. Kitambulisho mtu anaweza kukiazima, na hasira mtu anaweza kuja nayo kutoka nyumbani.

Nikatoa jalada la Teodora Mihayo kabatini, nikalishika kifuani ili asione.

"Kama wewe ndiye," nilisema, "mwezi wa tatu uliandika kuhusu somo la kutoa ulilofundisha kwa kutumia dagaa. Mtoto mmoja alijibu nini?"

Uso wake ukabadilika, na haikuwa hasira tena.

"Nani amekwambia habari za dagaa?"

"Jibu kwanza."

"Niliweka dagaa kumi mezani. Nikamwambia ondoa wanne, wamebaki wangapi. Akasema, mwalimu, kwetu dagaa hawaondolewi wanne, wanakwisha wote. Anaitwa Nkwabi, anakaa dawati la mbele kwa sababu ya macho. Nani amekwambia?"

Jina la mtoto halikuwamo kwenye kazi niliyoichapa.

Nikalifungua jalada lenye kazi zilizoandikwa kwa mkono, nikamsukumia. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Wa pili aliusoma akiwa amekaa, kwenye kiti changu, mbele ya kompyuta. Alifuata mistari kwa kidole.

"Darasa ni langu," alisema. "Watoto ni wangu. Mwandiko si wangu."

"Ulimsimulia nani?"

"Nilisimulia ofisini wakati wa chai, tukacheka. Tulikuwa watatu. Mimi, Mwalimu Gladness, ambaye hata barua ya mama yake huomba aandikiwe, na mkuu wa shule."

"Mwalimu Ngosha," nilisema.

"Unamjuaje Mwalimu Ngosha?"

Hapa ndipo ninapotakiwa kukiri, na nakiri.

Kila mwanafunzi alikuwa na neno lake la siri la kuingilia Ukumbini. Kanuni ilisema neno hilo apewe mwenyewe, mkononi, baada ya kusaini. Lakini mwanzoni mwa mwaka alikuja mzee mmoja nadhifu kutoka shule iliyo mbele ya Kamanga, akiwa na barua ya chuo ya kumkubali Teodora Mihayo. Alisema ni mkuu wake wa shule. Alisema mwalimu wake ana darasa la watoto themanini, hawezi kuvuka ziwa kila mara, na yeye amejitolea kumbebea karatasi zake.

Nilifikiri, laiti wakuu wote wa shule wangekuwa hivi.

Nikampa neno la siri. Nikasaini mimi mahali pa mwanafunzi.

Niliposimulia hayo, Teodora hakupandisha sauti. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Barua ya kunikubali ilikuja lini?"

"Januari."

"Kijiji chetu kizima kinapokea barua kwenye sanduku la posta la shule. Hata barua za Padri. Ufunguo anao mkuu wa shule." Alilifunga jalada. "Kila wiki nilimuuliza, mwalimu, chuo hakijajibu? Akaniambia, mwanangu, hawa watu wa Dar wametusahau. Na tukapata huzuni pamoja, Masele. Pamoja."

Kutoka chini Bwana Yassin alipaza sauti. Alizoea kuiita kompyuta kuku, kwa sababu ya kelele inayotoa ikiunganishwa na simu.

"Msomi! Kuku wako atalia saa ngapi leo? Nataka kupiga simu Buzuruga."

"Piga tu, Bwana Yassin!"

Akiinua simu yake mimi nikiwa Ukumbini, mawasiliano yalikatika. Ndiyo maana tulikuwa tunaulizana.

Nikamweleza Teodora jinsi mambo yalivyosimama. Mwaka wa masomo ulikuwa unafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Lilibaki zoezi moja tu kwa jina lake. Likikosekana, jina linafutwa, na aliyefutwa hapokelewi tena mpaka ipite miaka mitatu.

"Hilo zoezi linauliza nini?"

"Eleza somo ulilofundisha likashindikana, na ulichojifunza."

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza.

"Hilo naliweza. Ijumaa nitakuja nalo. Nitakaa hapahapa na kulichapa mwenyewe, kidole kwa kidole. Kisha nitawaandikia wakubwa wako yaliyotokea. Wakitaka kunifuta, wamfute mtu waliyemsoma."

"Mimi nitakusaidia."

"Niahidi kitu kimoja. Hata ikija barua yenye mwandiko wangu na saini yangu, usitume chochote kwa jina langu mpaka unione nimekaa kwenye kiti hiki. Barua zangu zina mtu wa kuzipitisha."

"Nakuahidi, dada. Na utanikuta hapa."

"Wewe ni mdogo wangu sasa," alisema. "Usiniangushe."

Akasaini daftari la wageni, akavaa malapa yake, akashuka.

* * *

Jumatano Mwalimu Ngosha alikuja na bahasha ya kaki, kama kawaida yake. Alivua viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Soksi zilikuwa zimeshonwa kidoleni kwa uzi wa rangi nyingine.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Ukumbini wanasemaje?"

Nilikuwa nimepanga maneno makali usiku kucha. Yalinitoka matatu tu.

"Teodora amekuja hapa."

Mzee aliiweka bahasha mezani, akainyoosha kwa kiganja, mara moja, mara mbili.

"Nilijua atakuja," alisema. "Ni mtu wa kuuliza. Nimemfundisha mwenyewe kuuliza. Unajua nilimfundisha darasa la kwanza? Nilimshika mkono kumwonyesha namna ya kushika kalamu."

"Sasa kwa nini?"

"Niliomba chuo mara tatu. Mara tatu wakanijibu sina kidato cha sita. Miaka thelathini ya chaki, sina kidato cha sita. Halafu ikaja bahasha yake. Niliifungua nione tu wanavyomwandikia mtu waliyemkubali."

"Ungempa siku ya pili."

"Siku ya pili nilikuwa nimeusoma mtaala wote." Alinitazama usoni. "Masele, wewe ndiye uliyechapa. Uliwahi kukuta kosa?"

"Hapana, mwalimu."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alilia. Si kwa sauti. Alitoa leso iliyopigwa pasi, akaifungua mkunjo kwa mkunjo, akajifuta.

Wasomaji, mimi nina ugonjwa wa kuwaamini watu wanaolia kwa adabu. Niliketi karibu naye. Nikamwambia bado kuna njia. Nikamwambia Teodora hana nia ya polisi, kwamba Ijumaa atakuja na zoezi lake mwenyewe, atalichapa, ataeleza ukweli, na yeye mzee akija kusema mwenyewe, chuo kinaweza kumwonea huruma.

"Ijumaa?" aliuliza.

"Ijumaa."

"Kabla ya saa kumi?"

"Kabla ya saa kumi."

Alikunja leso yake kama ilivyokuwa.

"Nitakuja," alisema. "Asante kwa kunieleza."

Nilimsindikiza hadi chini. Alipokata kona kuelekea kivukoni ndipo niliposikia maneno yangu mwenyewe masikioni. Nilikuwa nimempa siku, saa, na mpango wote wa mtu asiye na njia nyingine ya kutoka kijijini kwake ila kupita mbele ya ofisi yake.

* * *

Alhamisi mratibu wetu, Bwana Jonathan, alirudi kutoka Dar. Nilimweleza yote. Nilitegemea atanifukuza. Badala yake alinikaribisha kiti.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, wewe, Teodora na Mwalimu Ngosha."

"Basi hakuna kilichoharibika. Huyo mama anataka nini? Anataka kusoma. Sawa. Tunampa neno lake la siri, pamoja na maksi zote za mwaka mzima. Maksi za juu kabisa. Anaingia mwaka wa pili kesho."

"Maksi si zake."

"Jina ni la nani?"

"Lake."

"Darasa lililoandikwa humo ni la nani?"

"Lake pia, lakini..."

"Masele, wewe ulisoma mlimani, mimi nilisoma maishani. Zoezi la mwisho lipo?"

Bahasha ya kaki ilikuwa juu ya kabati. Aliiona kabla sijajibu.

"Kesho lichape, litume, habari imekwisha. Mama anapata mwaka, mzee anapata kimya, kituo kinapata sifa, wewe unapata mkataba."

Mkataba. Nilikuwa nimeufuatilia miezi kumi na minne. Aliutoa mkobani ukiwa na jina langu na mhuri. Ilikosekana saini yake tu.

"Nimemwahidi sitatuma mpaka akae kwenye kiti."

"Kiti gani?"

"Hiki."

Alikitazama kiti, akanitazama mimi.

"Ndiyo maana hukuoa," alisema.

* * *

Ijumaa nilifika saa moja asubuhi. Nilikifuta kiti vumbi. Niliandika kwa herufi kubwa namna ya kuwasha na namna ya kupata nafasi kati ya neno na neno, ili asihangaike.

Saa nne hakuja. Saa sita hakuja. Saa nane nilikwenda dirishani nikajiambia vivuko vya mchana hujaa.

Saa tisa na nusu nilisikia hatua ngazini, nikakimbilia mlangoni.

Vilikuwa viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Nyuma ya Mwalimu Ngosha alikuja Bwana Jonathan, anacheka, kama walikuwa wamekutana njiani na kuelewana.

"Teodora yuko wapi, mwalimu?"

"Ana homa," alisema Mwalimu Ngosha. "Amenituma."

Akanipa karatasi iliyokunjwa. Ilisema: *Bwana Msaidizi, nimekubali. Tafadhali tuma zoezi alilolileta Mkuu wa Shule kwa jina langu. Teodora Mihayo.*

Nilikwenda kwenye daftari la wageni, Jumatatu, mahali aliposaini. Nikaweka karatasi kando yake. Herufi ya T ilikuwa na mkia uleule. Mwandiko ulikuwa wake.

"Umeridhika?" aliuliza Bwana Jonathan.

Sikuridhika. Jumatatu aliniita mdogo wake, na karatasi hii ilinipa cheo. Na hata ingeniita mdogo wake, alikwisha kuniambia itakuja.

Lakini nawaambia ukweli. Niliwaza pia: je, kama ameamua mwenyewe? Kama ana homa kweli, yuko kitandani, ananitegemea nimwokolee mwaka wake, na mimi nimekalia ahadi ya Jumatatu kama mpumbavu? Saa kumi ikipita, miaka mitatu ni yake, si yangu.

"Keti," alisema Bwana Jonathan. "Saa kumi kasoro dakika ishirini. Mimi mashine hii siijui, na wewe unalijua hilo."

"Bwana Yassin!" niliita chini. "Tafadhali usiinue simu kwa nusu saa!"

"Kuku anataga?"

"Anataga!"

Kiti nilikisogeza pembeni. Nikapiga magoti sakafuni, nikachapa nikiwa nimepiga magoti. Bwana Jonathan alisimama dirishani akihesabu dakika kwenye saa yake. Aliona vidole vinakwenda, akaridhika.

Mwalimu Ngosha alisimama nyuma yangu. Yeye aliweza kusoma.

Sikuingia kwa neno la siri la Teodora. Niliingia kwa langu, la msaidizi wa kituo. Nikaandika:

*Mimi, Masele, nilitoa neno la siri la mwanafunzi Teodora Mihayo kwa mtu asiye yeye. Kazi zote zilizopokelewa kwa jina lake si zake. Barua yake ya kukubaliwa haikumfikia. Alikuwa aje leo kuleta kazi yake ya kwanza, hakufika, na sijui kwa nini. Naomba asifutwe kwa kosa langu.*

Nilimsikia mzee akipumua juu ya kichwa changu. Nilingoja aseme neno, mratibu ageuke, anivute shati.

"Umeandika vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini umesema haikumfikia, kama vile ilipotea yenyewe. Weka jina langu."

Sikugeuka. Niliogopa kumwona usoni nikaamini tena.

Niliongeza: *Aliyeizuia ni mkuu wake wa shule, Mwalimu Ngosha, ambaye ndiye aliyeandika kazi hizo.*

"Sasa iko sawa," alisema.

Mpaka leo sijui kama yalikuwa majuto au ilikuwa hesabu nyingine. Anayetajwa kwa jina amesomwa kwa jina, na huenda hilo ndilo alilolitafuta mwaka mzima.

Nilibonyeza. Ilichukua muda. Kisha yakaja maneno kwamba ujumbe umepokelewa.

"Tayari?" aliuliza Bwana Jonathan.

"Tayari. Lakini si zoezi." Nikamsomea nilichokituma, neno kwa neno.

Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Alipokuja mezani alidhani bado kuna la kufanya.

"Zimebaki dakika tisa. Ingia kwa jina lake, tuma zoezi. Huo mwingine tutasema ni utani wa kijana aliyechoka."

"Kiti hakina mtu, Bwana Jonathan."

"Nakuagiza."

"Nimeahidi."

Aliutoa mkataba mkobani, akaupasua kwa utaratibu, kwanza katikati, halafu tena katikati, akaviweka vipande juu ya kitambaa cha kufumwa.

Tulisimama watatu bila viatu tukiitazama saa ya ukutani mpaka mshale ulipofika juu.

Saa kumi.

Jina la Teodora Mihayo lilikuwa na zoezi moja pungufu.

"Acha ufunguo mezani," alisema Bwana Jonathan. "Jumatatu makao makuu watajibu, na mimi nitakuwa nimewajibu kabla yao. Ukionekana humu ndani tena, nitaita askari."

Niliacha ufunguo. Mwalimu Ngosha alikuwa ameinama mlangoni anafunga kamba za viatu.

"Mwalimu," nilimwambia, "hii karatasi aliiandika lini?"

"Juzi. Niliporudi kutoka hapa nilikwenda moja kwa moja kwake. Nilimtajia maneno, akaandika."

"Na homa alikuwa nayo?"

Alifunga kamba iliyokwisha kufungwa.

"Hakuwa na homa," alisema. "Asubuhi ya jana hakuja darasani. Nilikwenda nyumbani kwake. Mlango una kufuli. Nilidhani yuko huku kwako."

"Huku kwangu hayuko."

"Naona," alisema mzee.

Alishuka ngazi akishika ukuta. Bwana Jonathan alifunga mlango nyuma yetu kwa ufunguo wangu, akapita bila kuaga.

Nilivaa viatu. Kwenda Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kulikuwa na kivuko kingine cha saa kumi na moja. Ningeweza kukipanda, nikavuka, nikagonga mlango wenye kufuli. Lakini kama alikuwa njiani, tungepishana katikati ya maji, na angefika hapa akute mlango umefungwa na mtu aliyemwahidi hayupo.

Nikakaa kwenye ngazi ya juu kabisa, kando ya mahali alipopanga malapa yake Jumatatu.

Bwana Yassin alikuja chini ya ngazi, mikono imejaa grisi.

"Msomi. Kuku hajalia muda mrefu. Nipige simu?"

"Piga, Bwana Yassin. Simu ni yako yote sasa."

Alinitazama, akautazama mlango.

"Wamekufukuza?"

"Ndiyo."

"Mbona huendi nyumbani?"

"Namsubiri mtu."

"Atakuja?"

"Sijui. Nilimwambia atanikuta hapa."

Aliingia dukani. Alirudi na kigoda alichokuwa anakalia wakati wa kuziba matairi, akakipanguza kwa kanga kuukuu, akanipandishia hadi juu.

Nilimshukuru. Nikakiweka kando yangu, karibu na mlango, nikakiacha wazi kwa ajili ya Teodora.

Mimi nikabaki kwenye ngazi.